Rafu ya Viatu Chini ya Ardhi

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Toronto sikuonyeshwa meza wala kiti. Mkuu wa Kitengo cha Miamba, mzee mrefu mwenye ndevu nyekundu zilizoanza kuwa na mvi, alinipa kofia ngumu, buti za mpira zilizonizidi, na mtaimbo uliokuwa mrefu kuliko mimi. Tukapanda gari kutoka ofisini Don Mills hadi kwenye handaki la maji taka lililokuwa likichimbwa. Tulipofika ndani akawasha taa ya kichwani, akanyoosha kidole juu.

"Kwenye maombi yako uliandika kwamba unajua kugonga dari," akasema. "Gonga."

Nikagonga. Nieleze kidogo kwa ajili yenu vijana, maana siku hizi mashine ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi hii. Dari kwetu ni ule mwamba ulio juu ya kichwa chako ukiwa ndani ya mgodi au handaki. Unaugonga kwa ncha ya mtaimbo na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kama chuma. Mwamba uliobanduka kwa ndani, hata kama kwa macho unaonekana safi, hutoa sauti nzito, kama ngoma iliyolegea ngozi. Ukiisikia hiyo sauti ya pili unasogea kwanza, kisha ndipo unafikiri. Kazi hiyo niliianzia kwenye machimbo ya Kanda ya Ziwa nikiwa fundi mchundo, wakati wazee wa kule bado wanaamini kwamba mwanamke akiingia shimoni dhahabu inakimbia. Niliingia, na dhahabu ilibaki palepale.

Mkuu alinifuata nyuma mpaka tulipofika mwisho wa handaki. Hapo akanigeukia.

"Jumatatu njoo na chakula chako. Kantini ya hapa ni mbaya sana."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Usiku ule nilimsimulia mume wangu, ambaye ndiye aliyetuleta huku kwa masomo yake, naye akacheka mpaka akaamsha watoto.

Nilipangiwa sehemu nyingi. Nilikagua njia za treni chini ya jiji, nikaenda mgodi wa chumvi ulio chini ya ziwa, nikapelekwa kaskazini ambako barabara zimekatwa katikati ya miamba na barafu hupenya kwenye nyufa na kuzipanua kila majira ya baridi. Huko kaskazini ndiko nilikokutana na Kaka Ilunga. Alikuwa dereva wa mashine ya kutoboa mwamba, mtu wa Lubumbashi aliyekulia kwenye migodi ya shaba. Siku hiyo nilimsikia akiisemesha mashine yake kwa Kiswahili, akiibembeleza kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkaidi, nami nikamwitikia kutoka upande wa pili wa mwamba. Akazima injini.

"Nani huyo anasema Kiswahili mu baridi hii?" akauliza.

Tangu siku ile tulifanya kazi pamoja. Kiswahili chake na changu havikufanana, lakini chini ya ardhi tulielewana kuliko mtu mwingine yeyote. Mwishowe kikosi kizima kikajifunza maneno mawili, "simama" na "toka". Mkuu mwenyewe aliyatamka vibaya, lakini aliyatii.

Sasa nifike kwenye chimbo ninalotaka kuwasimulia.

Lilikuwa nje ya jiji, upande wa magharibi, kwenye mashamba ya mahindi. Kwa juu hungejua kuna kitu. Zamani watu walichimba mawe ya chokaa kwa kutoboa mlima kutoka ubavuni, kwa sababu tabaka la mawe mazuri lilikuwa chini sana. Walichimba kwa mtindo wa vyumba na nguzo, yaani wanatoa mawe na kuacha vyumba, lakini kila baada ya hatua kadhaa wanaacha mwamba umesimama kama nguzo ya kubeba dari. Ukiingia na taa unaona nguzo nyuma ya nguzo mpaka mwanga unapoishia. Ilipokuja ile vita kubwa, ya pili ya dunia, serikali ililichukua chimbo, na ilipolirudisha, sehemu yote ya nyuma ilikuwa imezibwa kwa ukuta wa matofali.

Mwenye chimbo wa wakati wetu alikuwa mtoto wa yule mwenye chimbo wa zamani. Alitaka kujenga maghala juu, na huwezi kujenga maghala mazito juu ya vyumba vitupu. Kwa hiyo tulipewa kazi ya kukagua chimbo lote kabla halijajazwa uji wa saruji, ambao humiminwa kwa mabomba kutoka juu mpaka vyumba vinajaa.

"Nyuma ya ukuta kuna nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya serikali, ya wakati wa vita," akajibu. "Baba alikula kiapo cha kutosema, na hakusema mpaka anakufa. Nami sina ramani yoyote. Bomoeni tu."

Tulibomoa tundu la kutosha mtu kupita. Nilipima hewa kwanza, kwa sababu chumba kilichofungwa miaka mingi huweza kuwa na hewa isiyofaa kuvuta. Ilikuwa salama. Nikaingia, Kaka Ilunga nyuma yangu, na sote wawili tukasimama.

Chumba kile kilikuwa cheupe. Kuta, nguzo na dari vilipakwa chokaa, na sakafu ilikuwa ya saruji laini. Nyaya za umeme zilipita juu kwa mistari iliyonyooka, na chini palikuwa na alama za mahali mashine zilipofungwa. Kiwanda kamili, chini ya mahindi ya watu. Tukasogea polepole, mimi nikigonga dari, tukakata kona. Hapo ndipo taa yangu ilipoangukia rafu.

Ilikuwa rafu ya mbao, ndefu kama ukuta wa kanisa, imegawanywa vijumba vidogo vidogo. Ndani ya kila kijumba palikuwa na jozi ya viatu vya kike. Vyeusi, vya kahawia, vyenye vifungo, vyenye visigino. Vimeota ukungu na vimekakamaa, lakini vimepangwa vizuri, ncha zikitazama mbele. Hapakuwa na kitu kingine cha binadamu, hata mkoba.

Kaka Ilunga alirudi nyuma.

"Mie siingie mule tena, Mama Neema," akasema kwa sauti ya chini. "Batu bote banaacha viatu, hakuna hata moja anarudia kuvikamata? Iko mambo hapa."

Nilitaka kumwambia asiogope, lakini nami niliogopa. Nilifikiria hewa mbaya. Nilifikiria moto. Nilifikiria wasichana wamekimbilia vyumba vya ndani ambavyo sisi bado hatujavifikia. Tukatoka, tukampigia simu Mkuu.

Alikuja mchana uleule. Akasimama mbele ya rafu, akavua kofia yake ngumu, jambo ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa kulifanya mahali pale, na hakuna aliyemkumbusha. Mwenye chimbo alikuwa mlangoni, malori ya saruji yakiwa tayari yameshaagizwa.

"Kazi imesimama," Mkuu akamwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue walikokwenda wenye viatu. Simwagi saruji juu ya watu."

Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine werevu kuliko yeye. Lakini kwa sentensi ile moja ningemfuata mzee yule kwenye shimo lolote.

Tulikagua vyumba vyote vya ndani kwa hofu, chumba baada ya chumba. Havikuwa na mtu. Hilo lilitupunguzia mzigo lakini halikutujibu. Ofisi za serikali ziliahidi kutafuta. Kisha gazeti moja la mtaa likachapisha picha ya rafu, na asubuhi iliyofuata simu ikalia ofisini. Mkuu alisikiliza, akaweka mkono kwenye kipokezi, akanitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona.

"Kuna bibi anasema ameona viatu vyake gazetini. Anakaa Weston. Si ndiko unakokaa?"

Jengo lake lilikuwa la tatu kutoka letu, kando ya mto Humber. Kwa miaka yote ile huenda tulipishana dukani. Jioni hiyo nilikwenda na Kaka Ilunga, aliyesisitiza kuja ingawa alibaki karibu na mlango kama mtu atakayehitaji kukimbia. Bibi Doroti alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani mikubwa, na tayari alikuwa ameandaa chai na keki ya ndizi.

Kaka Ilunga hakungoja chai.

"Mama, wale wasichana walikufa?" akauliza.

Bibi Doroti alimtazama, akanitazama, na alipoelewa tulichokuwa tukikiwaza wiki ile nzima akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho.

"Wengi wameshakufa, ndiyo," akasema. "Kwa uzee, mwanangu. Vitandani mwao."

Akatusimulia. Chimbo lile lilichaguliwa kwa sababu kipupwe na kiangazi joto lake halibadiliki, na kazi yao ilikuwa kuunganisha vipimo vya ndege, vile vya kumwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Vilikuwa vitu vyepesi kudhurika. Joto likipanda au vumbi likiingia, kipimo kinadanganya, na rubani anagonga mlima. Ndiyo maana kuta zilipakwa chokaa na kila msichana alivua viatu mlangoni na kuvaa ndara za kitambaa alizopewa na kiwanda. Walikuja kwa treni kutoka mjini, wengi wakiwa hawajafika hata miaka ishirini, wakiwa wameapa kutomwambia mtu wanakokwenda. Mama yake Doroti aliamini binti yake anafunga biskuti.

"Na ile siku?" nikauliza.

"Ile siku msimamizi wetu alisimama juu ya meza, mwanaume mkali sana, akataka kusema neno akashindwa. Akalia. Ndipo tukajua vita imekwisha. Hakuna aliyekumbuka viatu. Tulikimbia hadi juu, tukapanda treni, tukashuka mjini na kucheza barabarani mpaka ndara zikatoboka. Tuliporudi siku ya pili tukakuta askari mlangoni. Akasema kiwanda kimefungwa, ni siri, hakuna kuingia. Tukamwambia, kaka, tunataka viatu tu. Akasema hapana."

Kaka Ilunga alivuta kiti akakaa. Akala keki vipande vitatu.

Tulipokuwa tunaaga, Bibi Doroti alinishika mkono. Alikuwa bado anawasiliana na wenzake kadhaa. Aliomba kitu kimoja, washuke mara moja kabla hakujajazwa.

Nilipeleka ombi ofisini. Mwenye chimbo alisema haiwezekani, malori hayangoji. Mkuu alisema mwamba ndio utakaoamua, na mtu wa kuusikiliza mwamba ni mimi. "Ukisema ndiyo, nitashuka nao. Ukisema hapana, nitawapigia simu mwenyewe, usibebe hilo."

Dari ya ule ukumbi mweupe ililia vizuri, kama kengele. Lakini kwenye njia ya kufikia kule palikuwa na nguzo moja yenye ufa kutoka juu hadi kiunoni. Katika kazi yetu ufa haukutishi kwa ukubwa wake, unakutisha ukiwa unatembea. Ili kujua, tunagundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kimeshika pande zote mbili. Mwamba ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Nilikigundisha, nikarudi baada ya siku chache. Kilikuwa kimekatika katikati.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Bibi Doroti. Mkuu alikuwa amejitolea, lakini niliona ni lazima aisikie kwa mtu aliyekiona kioo.

"Si salama," nikamwambia. "Sitakupitisha pale."

Alitazama mto dirishani.

"Hujasema haitakuwa salama kamwe," akasema.

Na ni kweli, sikusema.

Niliporudi nilichora mpango wa kuifunga ile nguzo. Kaka Ilunga alitoboa mashimo ndani yake, tukapitisha nondo kutoka upande hadi upande na kuzikaza kwa sahani za chuma, tukaivika wavu wa chuma na kuinyunyizia saruji, kama mtu aliyevunjika mkono anavyofungwa hogo la plasta. Niliogopa mwenye chimbo angetukatalia siku za ziada. Alikuja, akatuangalia tukifanya kazi kwa muda mrefu, akaniuliza wale bibi wana umri gani. Nikamwambia. Akaondoka. Kesho yake mafundi wake wawili walikuja kutusaidia kubeba nondo, na malori hatukuyaona.

Nikagundisha kioo kipya. Nikarudi kukiangalia. Kizima. Nikarudi tena, nikaenda mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kizima. Nikasaini kibali cha kushuka.

Walikuja Jumamosi, asubuhi yenye jua, wamevaa kama watu wanaokwenda harusini, na midomo imepakwa rangi. Mwenye chimbo alikuwa amefunga mabenchi yenye mito kwenye tela la trekta lake ili wasitembee kwenye mteremko. Kila mmoja tulimvisha kofia ngumu juu ya nywele alizokuwa amezitengeneza saluni, na hapo palikuwa na manung'uniko. Aliendesha trekta mwenyewe, polepole, huku akijifanya hasikii walivyokuwa wakimsifia mabega.

Walipoingia ukumbini tukawasha taa zote tulizokuwa nazo. Kuta nyeupe ziling'aa. Walinyamaza. Niliona mmoja akinyoosha mkono hewani, akigeuza kitu kisichokuwepo kwa vidole viwili, kama anakaza skrubu ndogo. Kisha Bibi Doroti akaiona rafu na ukimya ukaisha.

Sijawahi kusikia kelele kama zile chini ya ardhi. Bibi wawili walishika jozi moja ya viatu vya kahawia, kila mmoja akasema ni vyake.

"Wewe hukuwahi kuwa na mguu mdogo hivi," mmoja akasema.

"Na wewe ulikuwa umeviazima kwangu," mwenzake akamjibu. "Nilikuwa nangoja unirudishie."

Bibi Doroti alitoa vyake kwenye kijumba cha chini, vyeusi vyenye kifungo pembeni. Alivipuliza ukungu. Havikuweza tena kuingia mguuni, vilikuwa vigumu kama kuni, akavishika kifuani.

"Vilikuwa vipya," akaniambia. "Nililipia kidogo kidogo tangu kipupwe. Kila nilipoolewa nilivikumbuka." Alikuwa ameolewa mara mbili.

Mmoja wao akaanza kuimba wimbo waliokuwa wakiucheza saa ya chakula. Wengine wakadakia. Kaka Ilunga, yeye aliyekuwa ameapa kutoingia mle tena, alikuwa wa kwanza kumwinamia bibi mmoja na kumwomba wacheze. Alicheza rumba ya kwao juu ya wimbo wa wazungu, na ikakubali. Mwenye chimbo akavutwa katikati. Mimi nilisimama pembeni, taa yangu ikiwa juu.

"Wewe huchezi?" Bibi Doroti akaniuliza.

"Mimi naangalia dari."

"Dari hii nimekaa chini yake vita nzima. Njoo."

Nikasita. Mkuu akaja, akanitoa taa mkononi.

"Nitaiangalia mimi," akasema. "Nenda."

Nikacheza, na buti zangu za mpira, chini ya mashamba ya mahindi, na wanawake waliokuwa wakiyajua mambo haya kabla sijazaliwa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Baadaye Mkuu aliniambia kwamba hakuitazama dari hata mara moja, akafikiria kidogo, akasema labda hilo nisiliandike kwenye ripoti.

Viatu vyote vilipandishwa juu. Ambavyo havikupata mwenyewe vilichukuliwa na jumba dogo la makumbusho la wilaya ile, wakavipanga kama tulivyovikuta. Kisha chimbo lilijazwa, na kwa hilo sikuhuzunika. Chumba kilichokwisha kuacha watu wake waondoke salama kinaweza kufungwa.

Bibi Doroti alibaki rafiki yangu kwa maisha yake yote yaliyosalia. Alikula pilau yangu kila Krismasi, akawa ndiye aliyemfundisha binti yangu Neema kusuka sweta. Neema siku hizi ni mtu mzima, ananijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kwa Kiswahili cha ukali, lakini sweta zake ni nzuri.

Mkuu alipostaafu nilishika nafasi yake. Niliwafundisha vijana wengi, wengine kutoka kwetu, wengine kutoka nchi ambazo nililazimika kuzitafuta kwenye ramani. Mashine zikaja za kupima mwamba kwa mwanga, na ni nzuri, nilikuwa wa kwanza kuzitaka. Nami nikastaafu siku moja ya mvua, kwa keki na hotuba ndefu kuliko ilivyohitajika.

Vijana huniuliza kazi hii ilinipa nini. Wanataka niwaambie kuhusu hatari, na nimekutana nayo. Lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ilipita kwa kusikiliza kwa makini ili watu wengine wasilazimike kusikiliza, ili waweze kuongea, kugombania viatu, kuimba. Kazi ilipokwenda vizuri hakuna aliyejua kwamba imefanyika. Mimi nilijua, na hilo lilinitosha.

Nimewashusha watu wengi chini ya ardhi katika maisha yangu, wachimbaji, wahandisi, mawaziri wawili waliokuwa wakitetemeka, na bibi waliopaka rangi midomo. Sikumwacha hata mmoja chini. Kila asubuhi nikiamka hapa Weston, jua likiingia dirishani bila kuniomba nilipime, hilo ndilo ninaloanza nalo, na chai inakuwa tamu.